Mke wangu amesema "nenda", lakini sijui kama ameniruhusu

BARUA

Ndugu mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama sisi ni rika moja, basi habari za kazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mkazi wa Moshi, nina mke na watoto wawili. Mlimani nimefanya kazi miaka 11. Minne ya mwanzo nilikuwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni kichwani. Kisha nikawa msaidizi wa mwongozaji, na sasa naongoza msafara mwenyewe. Sijawahi kuugua mlimani hata siku moja.

Miaka mitano iliyopita Mholanzi mmoja alimalizia safari yake ya baiskeli hapa mjini, akaniuzia baiskeli yake kwa bei ya kirafiki maana hakutaka kuhangaika nayo uwanja wa ndege. Ni fremu ya chuma, ringi za inchi 26, keria mbele na nyuma. Tangu hapo kila masika, kazi ikipungua, naondoka nayo. Nimekwenda Tanga na kurudi, nimekwenda Singida kupitia Babati, na mwaka jana nikazunguka milima ya Upare. Nalala kwenye hema: uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, ua wa kanisa, mara nyingine shambani kwa mtu baada ya kupiga hodi.

Sasa nataka kwenda mbali. Njia ninayoiota ni ya milima ya Pamir, Asia ya Kati, ile barabara ya M41, kutoka Osh kule Kirgizistan hadi Dushanbe, Tajikistan. Ni kama kilomita 1,250. Nimepanga siku 21 kuanzia katikati ya Agosti: siku ya tatu nilale Sary-Tash, siku ya nne Karakul, halafu Murghab, Khorog, hadi mwisho. Viza na kibali cha jimbo la Gorno-Badakhshan nimeshapata. Tiketi bado. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 8 kwa miaka minne, na najua kwamba Agosti ni msimu wetu mkubwa, kwa hiyo nitakosa mishahara na bahasha za wageni. Pia binti yangu mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari.

Nataka kwenda peke yangu. Kwa miaka 11 nimetembea kwa mwendo wa watu wengine. Nasema "pole pole" mara mia kwa siku, nahesabu pumzi za mgeni, naangalia kama anakula, kama macho yake yako sawa. Nataka siku 21 tu za kwenda kwa pumzi zangu mwenyewe.

Nilipomwonyesha mke wangu ramani alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nenda. Ila usinifanye mjane wa kusubiri simu." Tangu siku hiyo hajaligusa tena jambo hili. Mimi nachukulia kwamba amekataa kiungwana. Shemeji yangu naye amesoma kwamba mwaka 2018 wapanda baiskeli waliuawa Tajikistan, na amehakikisha ukoo mzima unajua.

Kuna mgeni wangu wa zamani, Mjerumani wa miaka hamsini hivi, nimempandisha mlima mara mbili. Anapita njia hiyohiyo mwezi huohuo na anataka twende pamoja. Anasema malazi yote atalipa yeye. Mke wangu angetulia. Lakini najua itakavyokuwa. Siku ya tatu nitakuwa namkagua macho.

Niseme na hili nisije nikaonekana nimeficha. Mwaka jana Upareni simu ilizima chaji siku mbili. Niliporudi nilimkuta mke wangu ameketi kibarazani na daftari la shule la mtoto. Alikuwa ameandika majina ya watu 14 aliowapigia, makondakta wa mabasi wakiwemo, na mbele ya kila jina saa aliyopiga. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda basi kunitafuta Same. Mimi nilikuwa mzima kabisa, nakula ndizi kwa wenyeji wangu. Tulicheka, yakaisha.

Je, niende peke yangu, niende na Mjerumani, au niachane nayo?

Mpenda njia, Moshi


JIBU

Mdogo wangu mpenda njia,

Habari za kazi, na marahaba ikiwa itafaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: kwenye lile daftari. Umelitaja mwishoni, kama mtu anayetoa chenji iliyobaki mfukoni, kisha ukaandika "tulicheka, yakaisha". Swali lako umelijenga juu ya ruhusa: amenikubalia au amenikatalia. Ila ukiyasoma maneno ya mkeo pamoja na daftari lake, ruhusa alishaitoa kwa neno moja. Sentensi ya pili inahusu simu. Hakutaja mlima, hakutaja Tajikistan, hakutaja ada ya mtoto. Naweza kukosea, maana mimi namjua kwa mistari miwili tu na wewe unaishi naye. Lakini kabla hujajiambia kwamba amekataa kiungwana, jiulize kama umewahi kumuuliza zile siku mbili za Upare zilipitaje kwake, saa kwa saa. Majina 14 yenye saa mbele yake yameandikwa na mtu aliyekuwa kazini.

Hilo nitalirudia. Kwanza njia yenyewe, kwa sababu kuna jambo kwenye mpango wako ambalo linaigusa hofu yake moja kwa moja, na nadhani mlima wako wa nyumbani ndio umelificha usilione.

Unasema hujawahi kuugua mlimani. Nakuamini. Lakini tazama kinachomlinda mtu Kilimanjaro. Kanuni unaijua: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kilimanjaro wenyewe huivunja kila siku. Kambi ya Mandara hadi ya Horombo ni mita 1,000 kwa mkupuo. Kinachowaokoa watu ni kwamba kushuka kupo karibu. Mgeni akianza kuyumba kambi ya Kibo usiku, mnamweka kwenye machela ya gurudumu moja, na baada ya saa mbili tatu yuko Horombo, mita 1,000 chini. Dawa yenu kubwa ni ule mteremko.

Pamir hakuna mteremko huo. Kutoka kipito (njia ya kuvukia mlima) cha Koitezek, mita 4,271, mashariki ya Khorog, hadi Sary-Tash upande wa Kirgizistan, barabara inakaa juu ya mita 3,500 karibu muda wote. Na Karakul, unapotaka kulala siku ya nne, ni bakuli. Kijiji kiko kama mita 3,900 kando ya ziwa. Ukitaka kutoka kwa barabara kuelekea kaskazini, lazima upande kipito cha Uy-Buloq, mita 4,232, halafu Kyzyl-Art, mita 4,280. Ukitaka kusini, lazima uvuke Ak-Baital, mita 4,655, ambayo ni kama kambi ya Barafu unayoijua. Mtu anayeumwa Karakul akitafuta ahueni, pande zote mbili anaanza kwa kupanda.

Sasa weka mpango wako humo. Osh iko kama mita 1,000. Siku ya tatu unalala Sary-Tash, kama mita 3,170. Siku ya nne unavuka mita 4,280 ukisukuma mzigo, kisha unalala mita 3,900. Mgeni wako angekuletea ratiba hiyo ungemrudishia. Ukianzia Dushanbe kuelekea Osh, mwili unapewa siku nane hadi kumi za bondeni kabla ya Khorog, ambayo iko kama mita 2,100. Kutoka hapo unapanda kidogokidogo hadi Jelondy penye chemchemi za maji moto, kama mita 3,500, na unaweza kuligawa pandisho hilo kwa usiku mitatu. Kuna gharama zake: bonde la mto Panj mwezi Agosti ni joto kali na vumbi, na tarehe za viza zako huenda zimepangwa kwa mwelekeo ule mwingine, zikague kabla ya kununua tiketi. Kitu cha kukusaidia, ukiweza kukipanga, ni kuteremka kutoka safari ya mwisho ya Kilimanjaro wiki moja tu kabla ya ndege. Mwili huwa bado na akiba kidogo. Ukikaa wiki tatu mjini, sehemu kubwa ya akiba hiyo imeshayeyuka.

Lakini mwelekeo hauondoi swali lenyewe. Umeniandikia kwamba umechoka kumkagua mgeni macho. Nakuelewa, na sababu yako ya kutaka upweke ni safi kuliko nyingi zinazoandikwa na wasafiri. Ila kumbuka kwa nini mnawakagua. Ubongo ukianza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, kitu cha kwanza kinachoondoka ni uamuzi. Mgonjwa husema "niko sawa" kwa sauti ya mlevi. Wewe umekuwa jicho hilo kwa watu miaka 11. Kule juu, ukiwa peke yako, jicho hilo halipo. Sisemi usiende. Nasema nafasi hiyo ijazwe na kitu.

Wanaokwenda peke yao hujaza kwa karatasi. Wanaandika kanuni wakiwa na akili timamu, chini, na kuibandika juu ya begi la usukani: kila asubuhi kabla ya chai, tembea hatua kumi kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka. Ukiyumba, husogei juu hata mita moja, unasimamisha gari la kwanza. Ukikosa pumzi umekaa, au kikohozi kikianza kuchemka kifuani, vilevile. Hakuna kujadiliana na karatasi. Kidonge cha asetazolamidi, kile cha kuzuia ugonjwa wa mwinuko, unakijua; zungumza na daktari kabla kwa sababu si kila mtu anapatana nacho, na usikigeuze kuwa leseni ya kupanda haraka.

Udhaifu wa karatasi ni kwamba gari la kwanza lazima liwepo. Hapa kuna jambo ambalo ramani haikuambii. Malori ya China yanaingia Tajikistan kwa kipito cha Kulma, mashariki ya Murghab, na kuelekea Khorog na Dushanbe. Kwa hiyo magharibi ya Murghab utakula vumbi la malori, lakini hutakosa mtu. Kaskazini yake, Murghab hadi Karakul, kama kilomita 130 zenye Ak-Baital katikati, malori hayo hayapo. Magari ni machache. Ni siku mbili au tatu, na ni palepale penye bakuli. Kutoka Karakul hadi Sary-Tash ni kilomita mia na kidogo nyingine, zenye mpaka na eneo lisilo na mtu katikati ya vituo viwili vya mpakani.

Ukiitazama hivyo, Mjerumani si lazima awe ndiyo au hapana. Safari yenu wawili inaweza kuwa ya siku tano kati ya hizo: kila mtu aende kwa mwendo wake hadi Murghab, mkutane kwenye nyumba moja ya wageni tarehe mliyokubaliana, mvuke pamoja hadi Sary-Tash, muachane. Ina hatari zake. Tarehe ya kukutana ni kamba; atakayechelewa kwa kukatika spoku atamfunga mwenzake, na wewe, kwa ninavyokusoma, ndiwe utakayesubiri. Kuhusu malazi anayotaka kulipa, ogopa kidogo. Mtu aliyekulipa mlimani mara mbili, akikulipia tena malazi, hata asipotaka atakuwa mgeni na wewe utakuwa mwongozaji. Ukilipa kitanda chako, angalau mnaanza mkiwa sawa. Na mwambie wazi, kwa barua, kabla hamjaondoka: "Kule nami nakuwa likizo." Akicheka akasema sawa, umejifunza kitu. Akinyamaza, umejifunza kitu pia.

Shemeji yako amesema kweli. Tarehe 29 Julai 2018, wilayani Danghara, kusini mashariki ya Dushanbe, kundi la wapanda baiskeli saba liligongwa kwa gari kwa makusudi kisha likashambuliwa, na wanne wakafa. Usimjibu ukweni kwamba ni uzushi. Unaweza kusema kwamba baada ya hapo watu wengi wamepita njia zile salama, na kwamba waliouawa walikuwa kundi, hawakuwa peke yao. Lakini hilo halimtulizi mtu, linamwonyesha tu kwamba wingi haukuwa kinga. Hatari zilizo karibu zaidi na wewe ni za kawaida: madereva kwenye mahandaki na kona, mbwa wa wafugaji, na kando ya Panj, mabomu ya ardhini yaliyotegwa mpakani na Afghanistan miaka ya 1990. Hapo hema halipigwi kati ya barabara na mto, hata kama nyasi ni nzuri kiasi gani. Piga hodi kama ulivyozoea. Neno la chai ni choy, na hutalala njaa. Utapigwa picha sana, jiandae.

Mpaka wenyewe usiuchukulie kuwa mlango ulio wazi. Nchi hizo mbili ziliufunga 2021 baada ya mapigano, na ni Machi 2025 tu ziliposaini mkataba wa mipaka. Uliza hali ya kituo cha Kyzyl-Art wiki ya safari, ukiwa na mpango wa pili mfukoni, kwa sababu mpango wa pili ni kurudi njia ndefu mno.

Sasa baiskeli. Ya Mholanzi ni nzuri kwa kazi hii: fremu ya chuma inachomelewa popote, na tairi la inchi 26, japo duni, hupatikana sokoni. Weka tairi pana, inchi 2 au zaidi, na upepo pungufu kidogo kwenye njia yenye makunyanzi kama bati. Makunyanzi hayo ndiyo yanayoua safari. Hayapasui tairi, yanalegeza. Bolti za keria zinajifungua zenyewe mita kwa mita, na bolti moja ikidondoka, ile iliyobaki inabeba yote na kukatika ndani ya fremu, mahali ambapo spana haifiki. Kila jioni, kabla ya hema, zunguka na ufunguo uzikaze zote. Beba bolti kumi za ziada na klempu mbili za mpira wa maji.

Spoku hukatika gurudumu la nyuma, upande wa gia, karibu kila mara, kwa sababu upande huo umevutwa zaidi na mzigo uko juu yake. Na hapo huwezi kuingiza spoku mpya bila kufungua gia. Wengi hubeba spoku nne na kusahau kifaa cha kufungulia gia, wakabaki na vyuma mkononi. Pima urefu wa spoku za upande ule kabla hujanunua, maana si sawa na za upande wa pili. Sahani ndogo ya mbele iwe na meno 26 au pungufu, ya nyuma kubwa iwe na 34 au zaidi. Mzigo bila chakula na maji usizidi kilo 20 hadi 25. Mlimani siku hizi kilo hizo hupanda kwa kichwa cha mtu mwingine, usinikasirikie kwa kukukumbusha.

Jikoni pia kutakuwa kugeni. Mitungi ya gesi ni bahati nasibu na ndege haiichukui, kwa hiyo watu hubeba jiko la benzini. Benzini ya kule ni chafu, inaziba pua ya jiko. Beba pua ya ziada na sindano yake, na lisafishe kila siku tatu. Kabla ya kurudi lioshe kwa sabuni na lianike hadi harufu iishe, la sivyo litabaki uwanja wa ndege. Karakul maji huchemka kwa nyuzi 87 hivi. Maharage usijaribu. Tambi, shayiri, dengu nyekundu zilizolowekwa mchana kutwa ndani ya chupa, na mkate wa wenyeji, basi. Maji ya ziwa ni ya chumvi, na baadhi ya vijito vya uwanda wa juu pia, kwa hiyo uwe na vyombo vya lita sita. Kichujio chako cha maji, kama ni kile cha nyuzi za ndani, kikiganda usiku mmoja kimekufa na hakikuonyeshi dalili: kinapitisha maji vizuri tu, na vijidudu humo humo. Lala nacho ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu na betri. Begi hilo lifae hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Agosti Karakul usiku hugandisha, na upepo huanza baada ya adhuhuri. Hema ipigwe mapema, vidole vikiwa bado vinasikia. Hakuna wagumu waliotangulia.

Ukiugua kabla ya kufika juu, Khorog kuna kituo cha matibabu cha Aga Khan. Wenyeji wa Pamir upande huo wengi wao ni Waismailia, madhehebu yaleyale unayoyajua kwa hospitali na shule zake huku kwetu, na ukilitaja jina hilo utapata pa kuanzia mazungumzo. Bima isome ukurasa wa mwinuko. Nyingi hukoma mita 3,000 au 4,500, na Ak-Baital iko juu ya zote mbili. Usitegemee helikopta kama ya Kilimanjaro. Kule uokoaji ni jipu la kukodi, na unalilipa mwenyewe papohapo. Tenga pesa hiyo kwa dola taslimu, noti safi, uishone kwenye mkanda, na usiihesabu katika milioni 8.

Kuhusu hizo milioni 8 sina la kukupangia. Lakini hesabu uliyoniandikia haijakamilika. Andika upande mmoja tiketi, bima, jipu la dharura, na safari mbili au tatu za Kilimanjaro utakazokosa pamoja na bahasha zake. Upande wa pili andika Januari, kidato cha kwanza, kwa tarehe. Njia hupitika pia mwishoni mwa Juni, theluji ikiyeyuka na mito ikijaa barabarani, kabla msimu wenu haujapamba moto. Na siku 21 ni chache. Ukitoa siku nne za kupumzika, unabaki na wastani wa zaidi ya kilomita 70 kwa siku, na zipo siku kule ambapo 40 ni ushindi. Mwenye siku chache huruka siku za kupumzika, na aliyeziruka ndiye anayeyumba Karakul. Kuna wanaoligawa: Dushanbe hadi Khorog mwaka huu, iliyobaki mwaka mwingine. Mlima hautahama, ila najua shauku ya miaka minne haikatwi vipande kama mkate.

Narudi kwa mkeo.

Anachokuomba kinaweza kutengenezwa, kama bolti. Nunua laini ya simu ya Dushanbe. Mtandao utaupata Dushanbe, miji ya bondeni, Khorog na Murghab, halafu tena Sary-Tash na Osh ukiwa na laini ya Kirgizistan. Katikati kuna vipande vya kimya, na kirefu zaidi ni Murghab hadi Sary-Tash, siku nne au tano. Vipande hivyo vihesabuni pamoja, mezani, na ramani. Kwa kila kimoja andikeni siku unayotarajia kufika, ongezeni siku moja ya spoku na upepo, kisha andikeni afanye nini ikipita. Ampigie nani kwanza: nyumba ya wageni uliyotoka, kwa sababu mwenye nyumba atajua ulitoka lini na umeelekea wapi, halafu unakokwenda. Yeye hazungumzi Kirusi, nao hawazungumzi Kiswahili. Mwachie ujumbe mfupi wa Kirusi ulioandikwa tayari, wenye jina lako, pasipoti, rangi ya hema na baiskeli, autume tu. Saa za Dushanbe ziko mbele ya zetu kwa saa mbili, Osh kwa tatu. Saa 1 usiku yako ukiwa Murghab ni saa 11 jioni kibarazani kwenu.

Kipo pia kile kifaa kidogo cha setilaiti cha kutuma ujumbe, chenye kitufe cha dharura. Kina malipo ya kila mwezi, na hakikisha sheria ya kila nchi utakayopita. India, kwa mfano, huvikataza. Kinasaidia sana. Hatari yake ni kwamba kikizima kwa baridi, nyumbani wanaanza msiba. Kama mtakitumia, kubalianeni mapema kwamba kunyamaza kwa kifaa ni kunyamaza kwa kifaa, na ratiba ya karatasi ndiyo inayohesabika.

Nawe utaniuliza: basi huo upweke uko wapi, kama kila siku ya tano nina miadi? Ni swali halali, na wapo wanaolijibu kwa kukataa miadi yote. Wewe una watoto wawili na mke mwenye daftari, na ni wewe utakayepima kiasi gani cha kimya unaweza kumuomba. Nadhani tu kwamba kuna tofauti kati ya kimya alichokipangia nafasi na kile kilichomkuta kibarazani mwaka jana.

Usimpelekee ratiba iliyokamilika. Mpe lile daftari, kama bado lipo, na umwombe aandike yeye: nani apigiwe wa kwanza, baada ya saa ngapi, na nani asipigiwe kabisa (nahisi shemeji yako atakuwa kwenye orodha hii). Kaa naye hadi amalize, hata akichukua usiku mzima na akaandika mambo usiyotaka kuyasoma. Tiketi bado hujanunua, kwa hiyo muda unao.

Wako,
Mshauri